Kulinda kwa Kutisha: Suala Lililoulizwa Nkubu

Tumeulizwa suala katika darasa letu la hapa Nkubu, nasi tukaona si haki kulijibu kwa maneno mawili ya mdomo kisha likapita. Muulizaji ni kijana miongoni mwa wenye maduka ya mji huu, asili yake Pwani, na ni msomaji mzuri wa magazeti. Alisema: "Sheikh, mataifa tisa yana silaha za nyuklia, nayo yasema kuwa silaha hizo ndizo zilizoizuia dunia kuingia vita vikuu vya tatu. Ikiwa bomu ni ngao kwao, mbona liwe haramu kwetu? Na ikiwa ni haramu kwetu, mbona wao wamelikalia?" Mzee mmoja mwenyeji wa Imenti, aliyekuwa amekaa kando akisikiliza, akaongeza la kwake: kuwa hata mwizi wa ndizi haingii shamba lenye mbwa.

Wala mtu asidhani kuwa haya ni mazungumzo ya Wazungu peke yao. Katika Afrika nzima, mtu aliyeitetea rai ya kijana huyu kwa ufasaha mkubwa alikuwa mwana wa Mombasa. Profesa Ali Mazrui alizaliwa Mombasa mwaka 1933. Baba yake ni Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, ambaye magazeti yake mawili, Sahifa na Al-Islah, ndiyo yaliyotufungulia njia sisi tuandikao kurasa kama hizi. Mwaka 1979 Profesa alialikwa na redio ya BBC kutoa hotuba za Reith za mwaka huo, sita kwa hesabu, naye akazifanya juu ya hali ya Afrika. Humo alisema neno lililowashangaza wengi: kuwa Afrika isiridhike kuambiwa ikae mbali na silaha za nyuklia, kuwa Nigeria, na Zaire, na Afrika Kusini itakapokuwa mikononi mwa weusi, ziwe nazo.

Hakulitaka bomu kwa ajili ya kuua. Alilitaka kwa ajili ya kutia hofu, na hofu aliyoikusudia si ya adui wa Nigeria au wa Zaire, bali ya mataifa makubwa yenyewe. Aliona kuwa wakubwa hawataziacha silaha zao maadamu wamezihodhi na wamestarehe nazo. Lakini watakapoziona zimeenea mpaka kwa wale wasiowaamini, hapo ndipo watakaposema, basi na ziondoke zote. Ni kama chanjo: hutiwa ugonjwa kidogo mwilini ili ugonjwa mkubwa usipate njia.

Profesa alifariki mwaka 2014 akazikwa kwao Mombasa. Kumkosoa alim ambaye hawezi tena kutujibu ni jambo la kufanywa kwa adabu, na adabu ya kwanza ni kukiri ukweli wa maneno yake pale ulipo. Nao upo, tena si haba.

Mkataba wa kuzuia kuenea kwa silaha za nyuklia, uliofunguliwa kwa saini mwaka 1968 na kuanza kazi mwaka 1970, uliyagawa mataifa mafungu mawili. Aliyekuwa amekwisha lipua bomu kabla ya tarehe 1 Januari 1967 aliandikwa kuwa ni dola yenye silaha. Asiyekuwa amelipua aliandikwa asiwe nayo kabisa. Badala ya ahadi hiyo ya wanyonge, wakubwa nao waliahidi, katika kifungu cha sita, kuzungumza kwa nia njema juu ya kuziondoa zao. Ahadi ya wanyonge ina wakaguzi watokao Vienna na vyombo vyao vya kupimia. Ahadi ya wakubwa haina mkaguzi. Mwaka 1995 mkataba ukafanywa wa daima. Ni kweli kuwa vichwa vya silaha, vilivyofikia kama 70,000 katikati ya miaka ya 1980, vimepungua vikawa kama 12,000. Lakini upungufu huo ulikuja kwa sababu uhasama wa Marekani na Urusi ya Kisovieti ulikwisha, wala hakuna aliyevipunguza kwa kumwonea haya mnyonge. Na katika hivyo vilivyobaki, karibu tisa katika kila kumi ni vya hao hao wawili. Mtu aliyeshika panga hana uso wa kumhutubia jirani yake juu ya ubaya wa mapanga. Katika hili Profesa alisema kweli, na kijana wetu amesema kweli.

Tena sisi tusio na bomu si watu wa nje katika jambo hili. Pana mahali katika Katanga, kusini ya Kongo, paitwapo Shinkolobwe. Wenyeji wa nchi ile wasema Kiswahili kama sisi, ijapokuwa lafudhi yao si ya Mvita wala ya Unguja. Hapo palikuwa na mgodi wa kampuni ya Kibelgiji ya Union Minière, na urani iliyochimbwa humo ilikuwa safi kupita iliyojulikana popote wakati huo. Mwaka 1940, mkubwa wa kampuni hiyo, Edgar Sengier, alipeleka zaidi ya tani 1,000 za mawe hayo New York, yakawekwa ghalani katika kisiwa cha Staten Island, na mwaka 1942 jeshi la Marekani likaja kuyanunua. Sehemu kubwa ya urani ya bomu lililoangushwa Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945 ilitoka katika mgodi ule. Waliokufa katika mji huo mpaka mwisho wa mwaka ule wakadiriwa kuwa kama 140,000. Mchimbaji wa Katanga aliyeyabeba mawe yale kwa mikono yake hakuambiwa yaendapo wala kazi yake.

Ufaransa nayo, ilipotaka kulijaribu bomu lake, haikulijaribu katika mashamba ya mizabibu ya kwao. Ilikwenda Reggane, katika jangwa la Algeria, mwezi wa Februari 1960. Na hata ilipofika mwaka 1966, nchi ikiwa imekwisha pata uhuru wake, ilikuwa imelipua mara 17 katika jangwa hilo. Basi mawe yametoka kwetu, na moshi umerudi kwetu. Asituambie mtu tunyamaze kwa kuwa hatuna silaha yenyewe.

Sasa tuje kwenye suala: je, bomu lalinda? Watu wa Nkubu hawana haja ya kwenda mbali kutafuta jawabu. Na wainue macho wautazame mlima ulio juu yao, ambao Wazungu waliuita Kenya na Wameru huuita Kirimara.

Uingereza ililipua bomu lake la kwanza tarehe 3 Oktoba 1952, katika visiwa vya Monte Bello kando ya Australia. Siku 17 baadaye, tarehe 20 ya mwezi ule ule, Gavana Evelyn Baring alitangaza hali ya hatari katika Kenya. Tufikiri juu ya tarehe hizi mbili. Dola iliyokuwa imetoka tu kupata silaha kubwa kuliko zote duniani ilijikuta, katika mwezi huo huo, imesimamishwa na watu wenye mapanga na bunduki za kujitengenezea kwa mabomba ya maji na makomeo ya milango. Na kiongozi wao wa kwanza katika msitu wa mlima huu, Waruhiu Itote, aliyejulikana kwa jina la Jenerali China, alikuwa amewahi kupigana Burma katika jeshi la hao hao Waingereza, katika vita vilivyomalizwa kwa moto wa Hiroshima na Nagasaki. Hakutishika.

Wala haikuwa kwamba Waingereza hawakutumia ndege. Walileta ndege za Harvard, kisha Lincoln, zikaimwagia mabomu misitu ya Kirimara na Nyandarua kati ya mwaka 1953 na 1955. Wapo hapa Imenti waliorithi kwa wazee wao habari za ngurumo hizo. Lakini yalikuwa mabomu ya kawaida. Kilichowavunja wapiganaji wengi ni handaki refu lililochimbwa kwa kazi ya lazima ukingoni mwa msitu, na vijiji vya kulazimishwa, na kambi za kizuizi, na njaa. Lile bomu kubwa lilikaa kimya. Hata hivyo Musa Mwariama, mmoja katika wakuu wao wa upande wa Meru, hakushikwa kabisa. Alitoka msituni kwa miguu yake Desemba 1963, bendera mpya imekwisha pandishwa.

Kwa nini bomu halikumtisha mtu wa msituni? Kwa sababu halikuweza kuangushwa juu yake. Chini ya mlima palikuwa na mashamba ya masetla wenyewe, na kahawa yao, na mito yao, na mbele yao palikuwa na macho ya ulimwengu. Kitisho ambacho mwenyewe hathubutu kukitekeleza si kitisho. Afrika Kusini ya ubaguzi ilifanya jambo hilo hilo: ilitengeneza mabomu sita kwa siri. Ni nani aliyetishika nayo? Si vijana wa vitongoji vya Soweto, wala si wafungwa wa Robben Island. Mabomu sita hayakuweza kuzuia mgomo mmoja wa wafanyakazi. Serikali hiyo ikayavunja, na tarehe 24 Machi 1993 Rais de Klerk akalieleza Bunge kuwa yalikuwapo na kuwa hayapo tena. India na Pakistan, zilizolipua mabomu yao hadharani mwezi wa Mei 1998, zilipigana Kargil mwaka uliofuata, na zikarushiana makombora na ndege zisizo na rubani tena mwezi wa Mei 2025.

Hapa mwenye rai ya bomu atatujibu, na jawabu lake hatulifichi. Atasema: Marekani na Urusi hazikupigana uso kwa uso miaka yote ile, na hofu ndiyo iliyozishika. Atasema: Ukraine ilikubali mwaka 1994 kuziacha silaha za Kisovieti zilizokuwa katika ardhi yake, ikapewa hakikisho la maandishi, kisha ikavamiwa mwaka 2014 na tena mwaka 2022 na mmoja wa waliotia saini. Na Libya iliacha mpango wake mwezi wa Desemba 2003, na mwaka 2011 mtawala wake akapinduliwa kwa msaada wa ndege za wale waliompongeza. Haya ni kweli. Ijapokuwa Libya haikuwa na bomu ila vyombo vya kulitafuta, na mamlaka ya kuzifyatua zile za Ukraine yalikuwa Moscow, funzo ambalo watawala wengi wamelipata ni moja: mwenye nalo haguswi. Hatuwezi kumwambia mtu kuwa hofu haina nguvu kabisa. Ina nguvu. Suala letu ni jingine: je, ni halali? Na mtu anapojilinda kwayo, amejilinda kwa nini, na kwa gharama ya nani?

Turudi kwa mbwa wa yule mzee, kwani mfano wake ni mzuri kuliko alivyodhani mwenyewe. Mbwa humuuma aliyeingia shambani. Bomu la nyuklia halimuumi aliyeingia. Huwachoma watoto wa aliyeingia, na mama yake, na jirani zake ambao hawakujua kuwa ametoka usiku. Naye aliyeingia huenda akawa chini ya ardhi, katika chumba cha zege kilichojengwa kwa ajili yake. Huyo si mbwa wa ulinzi.

Wameru wana jambo lao la zamani waliitalo gichiaro, nao ni udugu wa agano baina ya ukoo na ukoo, au baina ya kabila dogo na jenzake. Ndugu wa gichiaro hamuibii mwenziwe, hamdanganyi, wala hamnyimi akiombalo. Na akivunja, huamini kuwa balaa litamshukia. Tumeambiwa kuwa huko Igembe, penye miraa, mwenye shamba humweka mlinzi aliye ndugu wa gichiaro wa watu wa pale, na wezi humwogopa mtu huyo asiye na silaha kuliko bunduki. Sisi hatuitakidi kuwa agano la mababu laweza kumshushia mtu balaa, na tumekwisha lisema hilo darasani mbele ya wenyewe, nao walitusikiliza kwa upole. Walakini kama suala la maadili, tutazame jinsi hofu hiyo ilivyopangwa. Anayeogopa ni aliyefungwa na agano. Kinachomwogopesha ni tendo lake mwenyewe. Akikaa na mikono yake, hapatwi na kitu. Wapo wasemao kuwa laana hufika hata kwa jamaa, na hapo ndipo hata mizani ya watu wa zamani ilipopinda, kwani nafsi haibebi mzigo wa nafsi nyingine. Katika silaha za nyuklia kule kupinda ndiko kulikofanywa kanuni. Mtoto wa Hiroshima hakuapa lolote na mtu yeyote.

Wenye silaha husema: sisi hatukusudii kuzitumia, twazikusudia zisitumike. Maneno haya yanapendeza masikioni, na wengi wameridhika nayo. Na tuyafungue. Ama kitisho chao ni cha kweli, ama ni cha uongo. Ikiwa ni cha kweli, basi wameazimia tangu leo kuwa siku fulani, likitokea jambo fulani, watawaua watu kwa mamilioni wasio na hatia. Na azma ya kuua haisafiki kwa kuwa imefungwa na sharti. Mtu aliyekaa mlangoni na kisu akiazimia kumchinja mtoto wa jirani siku baba wa mtoto huyo atakapomvunjia ua, huyo hatumwiti mtu wa amani kwa sababu ua haujavunjwa bado. Na ikiwa kitisho ni cha uongo, basi adui akijua ni uongo hakitamzuia, kwa hiyo ni lazima uongo huo ufanane na kweli kwa kila hali: makombora yawe tayari, na askari wafundishwe, wakae usiku na mchana wakingoja amri, wala wasiulize. Kiongozi huenda akawa na siri moyoni mwake kuwa hatatoa amri hiyo kabisa. Yule kijana aliyeshika ufunguo hana habari ya siri hiyo. Yeye amelelewa awe tayari kweli kweli.

Usiku wa tarehe 26 Septemba 1983, karibu na Moscow, afisa mmoja jina lake Stanislav Petrov alikuwa zamu mbele ya mitambo ya kuonya. Mitambo ikamwambia kuwa Marekani imefyatua kombora, kisha ikazidisha hata yakawa matano. Kazi yake ilikuwa kupeleka habari juu, na huko juu wakati wa kufikiri ungekuwa dakika chache. Petrov hakuamini. Aliona kuwa mtu aanzaye vita kama hivyo haanzi na makombora matano, akaripoti kuwa ni hitilafu ya chombo. Ilikuwa hitilafu kweli: jua limeakisi juu ya mawingu, na setilaiti ikalidhania moto. Watu husema hofu ya pande mbili ndiyo iliyotuokoa miaka ile. Usiku ule aliyetuokoa ni mtu mmoja aliyeona ajabu kuiamini ile hofu.

Wanavyuoni wetu waliwahi kulijadili jambo lililo karibu na hili, karne nyingi kabla ya bomu. Walilipa jina la tatarrus: adui amewakamata watu wasio na kosa akawafanya ngao mbele yake, je, yafaa kumpiga hali tukijua kuwa wale watauawa kwa mkono wetu? Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 505 wa Hijra, alilipima katika kitabu chake cha Al-Mustasfa, naye hakuruhusu ila kwa masharti matatu kwa pamoja: iwe ni dharura isiyo na njia nyingine, iwe ni yakini, si dhana, na iwe ni madhara ya umma wote, si ya kundi. Kisha akatoa mfano ambao watu wa Pwani wataufahamu kuliko mtu yeyote. Watu wamo chomboni baharini, chombo chataka kuzama, na wakimtupa mmoja majini watapona waliobaki. Akasema haifai, hata kwa kupiga kura, kwani waliomo chomboni si umma mzima.

Na tuliweke bomu juu ya mizani hiyo. Dharura? Mataifa zaidi ya 180 yaishi bila hilo. Yakini? Mpango wote umejengwa juu ya dhana: twadhani kuwa adui atadhani kuwa sisi tutadhani. Na sharti la tatu ndilo linalolivunja kabisa, kwa sababu bomu haliuokoi umma kwa kumtoa mmoja. Latoboa chombo chenyewe. Uchunguzi wa wataalamu uliochapishwa mwaka 2022 ulikadiria kuwa vita vya nyuklia baina ya India na Pakistan peke yake vyaweza kupeleka masizi angani hata jua lipungue na mavuno yaharibike duniani, wakafa kwa njaa watu zaidi ya bilioni mbili. Na vita vya Marekani na Urusi, zaidi ya bilioni tano. Mkulima wa hapa Nkubu, mwenye migomba yake na kahawa yake, hana ugomvi na Delhi wala Islamabad. Hajaulizwa. Naye yumo chomboni.

Kijana wetu alituletea pia ile aya ya Suratul-Anfal inayoamrisha kuandaa nguvu kadiri iwezekanavyo ili adui aingiwe na hofu. Wako waliolijengea juu ya aya hiyo lile wanaloliita bomu la Kiislamu. Twasema: kuandaa nguvu na kumtia hofu anayetaka kudhulumu ni jambo lililoamrishwa, wala sisi si katika wale wasemao kuwa dola iuze bunduki zake zote. Lakini aya hiyo yataja farasi waliofungwa tayari kwa vita. Farasi ana hatamu. Mpandaji humgeuza, humzuia, humwacha mwanamke na mzee na mtawa aliye katika hekalu lake, kama Abubakar alivyowausia majeshi yake walipotoka kwenda Sham. Nguvu ambayo haiwezi kutumiwa ila kwa kuvunja wasia huo siyo iliyoamrishwa kuandaliwa. Na aya inayofuata mara moja yasema juu ya adui akielekea kwenye amani. Hiyo wanaolipenda bomu huisoma kwa haraka.

Sasa ile chanjo ya Profesa Mazrui. Kwa bahati mbaya imekwisha jaribiwa, kwani tangu mwaka ule wa 1979 silaha zimeenea: India na Pakistan hadharani, na Korea ya Kaskazini kuanzia mwaka 2006. Je, wakubwa waliona hofu wakaziacha zao? Waliona hofu, ndiyo. Lakini dawa waliyoichagua si ile aliyoitaraji. Mwaka 2003 Iraki ilivamiwa kwa hoja ya silaha ambazo hazikuonekana. Mwezi wa Juni 2025 Israel, kisha Marekani, ziliipiga mitambo ya Iran ya Natanz, Isfahan na Fordow. Wakubwa hawakusema "na ziondoke zote". Walisema "na zisiongezeke", wakalisema kwa mabomu. Mgonjwa aliyechanjwa hakupona, na walioteketea ni waliokuwa karibu na sindano. Profesa aliipima vizuri jeuri ya wakubwa, ila alidhani kuwa mwenye jeuri akiogopa hupata akili. Aghlabu huzidi jeuri.

Basi kijana akituuliza, mbona liwe haramu kwetu na halali kwao, jawabu letu ni kuwa si halali kwao. Ni haramu moja, na mkataba wa mwaka 1968 hauwezi kuigawa mafungu mawili. Afrika imekwisha lisema hilo kwa kalamu yake: Mkataba wa Pelindaba, uliotiwa saini Cairo mwaka 1996 na kuanza kazi mwaka 2009, umelifanya bara letu zima kuwa eneo lisilo na silaha hizo, na umepewa jina la mahali pale pale Afrika Kusini palipokuwa na kituo cha utafiti wa nyuklia. Na mkataba wa kuzipiga marufuku kabisa, kwa mkubwa na mdogo, umekuwa sheria tangu tarehe 22 Januari 2021, ijapokuwa hakuna hata mmoja katika wale tisa aliyeutia saini. Watu huucheka kwa sababu hiyo. Wenye watumwa nao hawakuwa wa kwanza kutia saini ya kuondoa utumwa, na watu wa Pwani twaijua historia hiyo vizuri kuliko tunavyopenda kuisema.

Wako watakaotuuliza juu ya mtambo wa umeme wa nyuklia, hasa ndugu zetu wa Kilifi, ambao wenyeji wa Uyombo waliupinga kwa maandamano mwaka 2024. Hilo ni suala la samaki, na ardhi, na taka zitakazokaa kwa vizazi, nalo lataka ukurasa wake. Umeme si bomu.

Lakini lipo moja linalotuhusu leo, na fiqihi yake haina shaka kubwa. Tanzania ina urani katika Mto Mkuju, wilaya ya Namtumbo, mkoa wa Ruvuma, na kazi ya kuitoa imeanza. Wanavyuoni wamesema mengi juu ya kumuuzia zabibu mtu ujuaye kuwa atazifanya ulevi, na kumuuzia silaha mtu wakati wa fitna. Na wengi wao wamesema kuwa aliyejua ana sehemu yake katika dhambi, na aliyetia shaka yampasa kuuliza. Urani huuzwa kwa kuzalisha umeme, na mikataba ya ukaguzi ipo. Basi na iulizwe: jiwe hili lauzwa kwa nani, laenda nchi gani, na nchi hiyo ina vichwa vingapi ghalani? Watu wa Namtumbo na Songea wana haki ya kuliuliza suala hilo hadharani, na kujibiwa kwa maandishi, kabla ya shehena kufika bandarini. Mchimbaji wa Shinkolobwe hakupata nafasi hiyo.